Mchujo wa urais: kura inayopigwa kabla hujafika kwenye debe

Uzi mrefu kidogo leo, wadau. Chukua chai.

Msimu wa siasa ukinusia tu, swali ni lile lile: "Wewe uko nyuma ya nani?" Nimeulizwa kwa matatu, nimeulizwa kwa kinyozi, mjomba amewahi kuniuliza matangani marehemu hata hajazikwa. Nasoma sayansi ya siasa, kwa hivyo watu hudhani nina jibu. Jibu langu huwaudhi. Agosti nitapewa karatasi, na majina yaliyo juu yake yatakuwa yameshapimwa na watu wengine. Leo tuongee kuhusu kule kupima kwa kwanza: nani hupima, na mbona si sisi.

(Kama kawaida, hapa hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Ukitaka kujua nani ni nani, uliza wazazi wako.)

Tuanzie 1969. Oktoba mwaka ule upinzani ulipigwa marufuku, tukabaki na chama kimoja. Kwa hivyo Desemba, mchujo wa chama ndio ukawa uchaguzi wenyewe: ukishinda mchujo, umeingia Bunge. Na wananchi waliutumia vizuri, usidanganywe. Wabunge wengi walirudishwa nyumbani, mawaziri wakiwemo. Ila kiti cha juu hakikuguswa. Rais alipita bila kupingwa, na ikawa hivyo 1974, 1979, 1983 na 1988. Mkenya aliyezaliwa 1950 alifika miaka 42 kabla ya kuona majina mawili ya urais kwenye karatasi moja.

Sasa 1988. Hapo lazima nimlete nyanya yangu.

Ulikuwa mwaka wa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna debe. Wanachama wanaitwa uwanjani, kila mgombea ana ajenti wake na picha yake mbele, na wewe unapanga foleni nyuma ya mtu wako, jua likikuwakia, majirani wakikutazama. Chifu naye anakutazama. Nyanya anasema foleni yake ilipinda ikapita mti wa mwisho wa uwanja, na ile nyingine ungeihesabu ukiwa umekaa. Aliyetangazwa mshindi ni wa foleni fupi. Visa kama hivyo vililalamikiwa sehemu nyingi za nchi, na viongozi wa makanisa na mawakili walipaza sauti. Lakini utathibitisha vipi? Watu wakishatawanyika, ushahidi umeenda nyumbani kupika.

Juu ya hapo kulikuwa na sheria ya asilimia 70. Ukipata asilimia 70 ya foleni, umechaguliwa, hakuna haja ya kura ya siri. Yaani pale foleni ilipoibwa vizuri zaidi ndipo ambapo hakukuwa na nafasi ya kuikosoa kwa karatasi.

Nilimuuliza nyanya alipimaje wagombea siku ile. Akanicheka. "Mjukuu wangu, sikuwa napima wagombea. Nilikuwa napima ni nani ataniona." Nimesoma vitabu vingi vya kozi lakini sijaona mahali kura ya siri imeelezwa vizuri hivyo.

Mwisho wa 1990 mlolongo na ile asilimia 70 vikaondolewa, na Desemba 1991 kifungu cha 2A, kile kilichotufanya nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kikafutwa. Watu wakacheza barabarani. Na hapa ndipo kuna kipande cha historia ambacho hatukizungumzii vya kutosha.

Lile vuguvugu kubwa lililodai vyama vingi lilikuwa na nguvu ya kutisha. Lilipofika 1992 likagawanyika. Tumezoea kusema ni tamaa na ukabila, na sikatai. Lakini moja ya mambo waliyogombania ilikuwa hili hili la leo: mgombea urais achaguliwe vipi? Upande mmoja ulitaka kila mwanachama apige kura. Upande mwingine ulitaka wajumbe wakutane waamue. Kila upande, bila shaka, ulipenda njia ambayo ungeshinda nayo. Hawakuelewana, wakaenda kila mtu na chama chake, na Desemba 1992 aliyekuwa madarakani akarudi na kama asilimia 36 ya kura. Zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakumtaka, ila walikuwa wamegawanywa kwa wagombea kadhaa ambao hakuna mchujo uliowahi kuwashindanisha.

Kisha 2002. Siku moja ya Oktoba, Kasarani, wajumbe wa chama tawala wakapitisha jina ambalo kila mtu alishajua limechaguliwa na nani. Siku hiyo hiyo, Uhuru Park, kiongozi mmoja akamtaja mwenzake mbele ya umati, akaongeza neno moja: tosha. Mchujo ukawa umeisha. Nakubali tosha ilifanya kazi: upinzani uliungana na mgombea wake akashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Wazazi wangu bado wakiitaja wanatabasamu. Lakini angalia vizuri. Kasarani aliamua mtu mmoja. Uhuru Park waliamua viongozi wachache mezani, na mmoja wao akatangaza. Sisi kote kuwili kazi yetu ilikuwa kupiga makofi.

Tulikaribia zaidi Septemba 2007, Kasarani tena, pale chama kimoja kikubwa kiliposhindanisha vigogo wake na wajumbe wakapiga kura. Walioshindwa wakabaki chamani wakafanya kampeni. Yaliyofuata Desemba tunayajua na si ya uzi huu. Nataja mkutano ule kwa sababu ulionyesha kwamba inawezekana kushindana ndani bila chama kuvunjika siku hiyo hiyo. Ila hata pale walikuwa ni wajumbe, si mama mboga mwenye kadi ya chama.

Mtu atasema, "Marekani wao wamezoea." Hawakuzoea, walilazimishwa. Mwaka 1968, mjini Chicago, chama kimoja kilimteua mgombea urais ambaye hakuwa ameingia mchujo wa jimbo hata moja. Wenye chama walikubaliana, wajumbe wakapitisha, huku nje polisi wakiwapiga vijana marungu mbele ya kamera. Uchaguzi wakaupoteza, na aibu ile ikazaa tume ya kubadilisha kanuni. Kuanzia 1972 kura za wananchi kwenye michujo ndizo zikawa na uzito.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni jimbo la Iowa. Hadi 2020, mmoja wa vyama vyao viwili ulikuwa ukifanya mchujo pale kwa watu kusimama. Kweli kabisa! Majirani wanakutana ukumbi wa shule usiku wa baridi, kila kundi kona yake kulingana na mgombea, wanahesabiwa. Ni mlolongo, tu una paa na kahawa. Kundi lisipofika asilimia 15, kwa kawaida, watu wake wanaruhusiwa kuhamia kona nyingine. Kwa hivyo mtu anakuja na chaguo la moyo, anaona moyo wake una watu wanne, jirani anamwita, "Njoo huku, wetu anaweza kushinda," na lazima aamue hapo hapo: nibaki na ninayempenda, au niende kwa anayeweza?

Nilipomweleza nyanya, aliuliza swali moja: "Na chifu anakaa wapi?" Nikamwambia hakuna chifu. Akasema basi hiyo si mlolongo.

Tofauti nyingine ni ya ndani zaidi. Agosti, mimi na wewe hupima kwa kulinganisha "wetu" na "wao". Mgombea wetu akiwa na doa tunamfunika, kwa sababu wao wana madoa makubwa zaidi. Kwenye mchujo hakuna wao. Wote wamevaa rangi moja, manifesto ni moja, wimbo ni mmoja. Inabidi uulize: huyu alifanya nini alipokuwa na ofisi? Pesa zake zilitoka wapi? Akishindwa, atakubali? Maswali haya hatujawahi kupewa siku ya kuyauliza, ndiyo maana kwa mdahalo tunasikika kama mashabiki wa mpira.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, ibara ya 91, inataka vyama viwe na chaguzi huru na za haki ndani yake. Sheria ya vyama ilivyorekebishwa 2022 inatambua njia mbili za mchujo: ya moja kwa moja, ambapo wanachama wanapiga kura, na ya wajumbe. Chama kinachagua. Na wewe ukiona vyama vyote havikufai, ibara ya 137 inaruhusu mgombea huru wa urais, mradi aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu. Kaunti ni 47, kwa hivyo 24 mara 2,000: sahihi 48,000. Mtu asiye na mtandao wa chama akusanye hizo zote kwa miguu.

Tuseme chama kichague njia ya wanachama. Mwanachama ni nani? Mwaka 2021, Wakenya wengi walipoangalia mtandaoni walijikuta wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kuchukua kadi, hakuwahi kwenda mkutano, na bado jina lake na nambari yake ya kitambulisho vilikuwa pale. Alijiondoa. Alipomaliza, baba akamtania kwamba amehama chama kama mheshimiwa. Mama hakucheka. Alitaka kujua kama jina lake lilishawahi kupiga kura mahali.

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Kwa hivyo kabla hatujaendelea na vita vya nani zaidi ya nani, naomba kitu kimoja. Kama ulisimama kwenye mlolongo 1988, andika hapo chini foleni yako ilikuwa ndefu kiasi gani. Na kama umewahi kuwa mjumbe Kasarani, hatutakuuliza ulilipwa nauli na nani. Tuambie tu mlipewa majina mangapi.