Mtunya: Jina la Njaa na Maana Yake

Desturi ya Wagogo ilikuwa kuipa njaa kubwa jina lake, nasi tukitaka kujua historia ya nchi hii ya Dodoma yafaa tuyachunguze majina hayo. Zito kuliko yote ni Mtunya, yaani njaa ya mwaka 1917 hata 1920. Hutamkwa kama liandikwavyo, nya yake ikiwa kama ile ya nyama. Wala jina hilo halitaji jua kali au mvua iliyokosa. Lataja kugombania: watu wengi kukirukia kitu kidogo, kila mmoja akivuta upande wake.

Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeandika habari za njaa hiyo mwaka 1990, alilifasiri kwa neno la Kiingereza "scramble". Neno hili si jepesi kinywani mwetu, maana laanza kwa s, k na r pasipo irabu kati yake, na wengi wetu huzitia irabu ili ulimi upate kupumzika. Waingereza waliliandika tangu mwisho wa karne ya 16. Maana yake ni kuparamia mahali kwa mikono na miguu, na tena ni kugombania vitu vilivyotupwa chini, kama watoto wagombaniavyo senti arusini.

Lakini neno hilo lina historia nyingine, nayo yatuhusu sana. Mwaka 1884 magazeti ya London yalilitumia kwa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakiligombania Bara la Afrika. Mwishoni mwa mwaka ule Karl Peters alifika Usagara, kwa jirani zetu wa mashariki, akikusanya alama za machifu katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Februari 1885 Kaisari wa Wadachi akazitilia nguvu.

Wagombanao hawakutosheka, na mwaka 1914 wakapigana wao kwa wao. Wadachi walitwaa kwetu ng'ombe, nafaka na wapagazi. Tarehe 29 Julai 1916 jeshi la Jenerali van Deventer liliingia Dodoma, na Waingereza nao wakatwaa katika kile kilichosalia. Kisha mvua zikakosa.

Ukame haukuwa mgeni Ugogo. Uwele na mtama ulipokauka, mtu alikuwa na ng'ombe wake. Alimpeleka kwa jirani aliyepata mvua, akarudi na nafaka. Safari hii zizi lilikuwa tupu, na vijana wa kwenda na wa kulima walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Ndipo watu wakagombania. Mwishoni mwa mwaka 1918 mafua makali yaliyoenea duniani yakawakuta katika hali ile. Katika watu wapatao 150,000 walikufa 30,000, yaani mmoja katika kila watano. Hesabu hiyo isomwe polepole.

Kwa hiyo twaona kwamba tafsiri ya Maddox ni njema, ila wagombanao si wale wale. Katika habari za mwaka 1884 walikuwa wenye nguvu, nao waligombania nchi za watu wengine. Katika Mtunya walikuwa wenye njaa, nao waligombania chakula cha siku moja. Wale wa kwanza waliketi mezani Berlin wakapatana. Hawa wa pili hawakuwa na meza.

Kiswahili nacho kina kinyang'anyiro. Lakini siku hizi neno hilo limechakaa kwa kusemwa juu ya vikombe vya mpira na viti vya ubunge, nasi hatudhani laweza kuubeba Mtunya. Afadhali jina hili liandikwe vitabuni kama lilivyo, bila kufasiriwa. Wagogo wenyewe hawakungoja mgeni awaandikie historia yao: Mathias Mnyampala, aliyezaliwa wilayani Dodoma mwaka 1917, alitoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954.