Paka Alikuja na Panya

Kukhu hakuwahi kusema anampenda paka. Ungemwuliza, angekujibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria: "Huyo ni wa panya tu." Lakini kila jioni, kabla sisi wajukuu hatujapakuliwa, kulikuwa na omena wachache walioanguka kando ya mafiga kwa bahati mbaya. Bahati mbaya ya kila siku, saa ile ile, mahali pale pale. Na paka, kwa bahati mbaya vilevile, alikuwa ameshakaa hapo anangoja.

Nyumbani ni Khwisero, upande wa Kisa, kaunti ya Kakamega. Paka wa Kukhu hawakuwa na majina. Wote waliitwa Pusi. Pusi akifa, anayefuata ni Pusi. Nimehesabu Pusi watano katika utoto wangu, na kusema kweli nakumbuka zaidi walivyokufa kuliko walivyoishi. Nitafika huko.

Kwanza kuna swali lililonijia nikiwa Nairobi, nimelala kwenye bedsita yangu, paka kifuani anakoroma kama posho mill ya mbali: huyu mnyama alifikaje kwetu? Ng'ombe wana historia, wanatajwa kwenye mahari na kwenye ugomvi wa koo. Kuku usiseme, Mluhya atakupa historia ya kuku mpaka uombe maji. Paka hana masimulizi. Yupo tu, kama aliyezaliwa pamoja na nyumba.

Kumbe babu yake alikuwa hapa hapa. Paka wote wa nyumbani duniani, kuanzia Pusi wa Kukhu hadi yule mnene wa TikTok, wametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama wa rangi ya vumbi mwenye mistari miguuni. Yupo Kenya mpaka leo, na ukimtaja mbele ya wazee watakuambia habari za vifaranga vilivyopotea. Ila si wa vichaka vyetu aliyekubali kuingia nyumbani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wa nyumbani ni wa ukoo wa Mashariki ya Kati, kule ambako watu walianza mapema sana kulima na kuweka nafaka. Nafaka ilivuta panya, panya wakavuta paka. Kwenye kisiwa cha Cyprus wanaakiolojia walikuta paka amezikwa karibu na mtu, kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Maana yake kuna mtu alimbeba kwenye chombo, akavuka naye bahari, na mwishowe mmoja wao akazikwa kando ya mwenzake. Hapo kazi ya kukamata panya ilikuwa imeshageuka kuwa kitu kingine.

Sasa, pwani yetu. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza mifupa ya wanyama kutoka maeneo 22 ya kale ya Afrika Mashariki. Panya mweusi, yule anayekimbia darini usiku, alitoka Asia, sawa na kuku, na wote wawili waliingia huku kuanzia katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, wakati biashara ya Bahari ya Hindi inashika kasi. Soma tena: panya tunayemlaani Khwisero ni mgeni wa jahazi. Na nahodha mwenye shehena ya nafaka na panya ndani yake hahitaji kufundishwa faida ya paka. Wazao wa mabaharia hao wangali Lamu, wembamba, masikio makubwa, wamelala barazani kama wenye hati miliki ya mji.

Hapa niruhusu nichepuke kidogo, maana kisa hiki hunikera. Mwaka 1978 Jeni Slater, Mzungu aliyekuwa akiishi Watamu, aliokota watoto wa paka karibu na msitu wa Arabuko Sokoke. Manyoya yao yalikuwa na mabaka kama gome la mti, na Wagiriama walikuwa na jina lao tayari, khadzonzo. Mwaka 1984 baadhi ya uzao huo ulipelekwa Denmark, na kufikia 1993 shirika la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, lilikuwa limeutambua kama aina rasmi: Sokoke. Vipimo vya vinasaba vimewaweka karibu na paka wa kawaida wa Lamu na Pate. Yaani paka wale wale wa kutupiwa vichwa vya samaki, wakipata pasipoti, wanakuwa na cheti cha ukoo kuliko baadhi yetu.

Turudi bara. Kutoka pwani hadi Kisa ni mbali, lakini njia ilikuwepo. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika kwa Nabongo wa Wanga, mji tunaouita Mumias, kaskazini ya Khwisero. Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 hakuwa wa kwanza, alikuwa anafuata njia ya wengine. Baadhi ya wasafiri hao walikaa, wakaoa, dini yao ikabaki. Na dini hiyo ilikuwa na msimamo kuhusu paka. Katika Hadithi za Mtume, paka si najisi, kwa kuwa ni katika wanaozungukazunguka majumbani mwetu, na kuna mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka ndani mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Mmoja wa masahaba aliitwa kwa lakabu ya paka wake, Abu Hurayra. Hiyo habari ya mwanamke na paka aliyefungiwa iweke kando, tutaihitaji.

Ukitaka kuziona njia hizo bado zipo, sikiliza majina. Neno paka lilipanda kutoka pwani. Waganda wanasema kkapa, silabi ni zile zile, zimebadilishana viti tu. Neno pusi ni la Kiingereza, nalo lilikuja na watu wengine, wakiwemo wamisionari wa CMS waliofungua kituo Butere mwaka 1912. Kwa hiyo Kukhu aliposema "paka" alikuwa anataja msafara, na alipoita "Pusi, Pusi" mlangoni alikuwa anataja misheni, na mwenyewe alidhani anaita mnyama aje kula.

Halafu likaja gari moshi. Reli iligusa Kisumu mwaka 1901, na tawi lake likafika Butere, jirani yetu kabisa, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Reli hubeba kila kitu, hata usichokilipia nauli. Mwaka 1902 tauni iliingia kwenye soko la Wahindi Nairobi, na jibu la serikali likawa kuliteketeza soko lote kwa moto. Tauni hueenezwa na viroboto wa panya, na katika miongo ile ya mwanzo iliua watu Uganda na Nyanza. Khwisero wakati huo ilikuwa Kavirondo ya Kaskazini, ndani ya Nyanza. Panya hakuwa tena mwizi wa nafaka tu, alikuwa suala la siasa.

Nasema siasa kwa maana yake halisi. Mwaka 1923 Arkidikoni Walter Edwin Owen wa Kanisa la Anglikana alisimamia kuundwa kwa chama cha walipa kodi wa Kavirondo, Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Wengine walikiona kama njia ya kuwapoza vijana waliokuwa wakiuliza maswali makali kuhusu kodi, kipande na ardhi. Wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kupanda miti, na kuua panya. Watu wamekuja na hasira ya kodi ya kichwa, wanarudi nyumbani na mgawo wa panya! Mimi huwaza kwamba kwenye boma nyingi kulikuwa na mwanachama aliyekuwa ameshatimiza ahadi hiyo kimyakimya, bila kadi na bila ada.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mahindi meupe yalikuwa yameenea, yakiusukuma wimbi na mtama pembeni. Mahindi hujaza ghala, na ghala lililojaa ni hoteli ya panya. Hapo ndipo paka alipopata ajira ya kudumu kwetu. Mshahara wake ni maziwa kidogo na makombo. Makazi yake ni jikoni, majivuni. Kukhu alisema kitoto cha paka hakiuzwi: unakichukua kwa jirani, unaacha kitu, yai au kikombe cha maharagwe. Nilipomwuliza kwa nini, alisema ukimnunua atajua bei yake.

Furaha zilikuwepo, tena nyingi, ila zilikuja kwa mlango wa nyuma. Asubuhi unafunua gunia unakuta watoto wanne wenye macho bado hayajafunguka. Usiku wa Julai, baridi ya Khwisero inapenya blanketi, kitu kizito kinapanda miguuni pako na hakuna anayekiuliza kimetoka wapi. Kukhu aliamka kwanza, aliona, akapita. Mkataba ulisema jikoni. Hakuna aliyeusoma kwa sauti.

Uchungu nao. Pusi wa kwanza aligongwa na pikipiki. Wa pili alitoweka tu. Wa tatu, wa nne na wa tano walikufa kifo kimoja, na hicho ndicho kisa cha paka wa kizazi chetu. Duka la sokoni lilianza kuuza sumu ya panya kwenye vipakiti vidogo, bei ya chini kuliko omena wa siku mbili. Jirani anaweka sumu ghalani kwake. Panya anakula, anayumba, anavuka ua. Paka wako, kwa bidii ya kazi, anamkamata. Kile kipakiti kilikuwa na picha ya paka. Nilikuwa na miaka kumi, nilikiokota kwenye ua wa jirani, nikakitazama muda mrefu. Waliyemtoa kazini ndiye waliyemweka kwenye tangazo.

Sisi hatufanyi mzaha na mazishi. Mwili husafirishwa usiku kucha, ng'ombe huchinjwa, deni hulipwa miaka. Mnyama akifa hutupwa shambani, au chooni, basi. Pusi wa tano alikufa asubuhi, amejikunja nyuma ya mtungi. Jioni nilimwona Kukhu amebeba jembe, peke yake, anaelekea kwenye migomba. Sikumfuata. Kesho yake udongo ulikuwa mpya, na juu yake kulikuwa na jiwe ili mbwa wasifukue. Nilimwuliza kama amemzika. Akasema ndizi zinahitaji mbolea.

Mjini nilikuta upendo wa paka unatajwa waziwazi, lakini na vitisho vyake viko wazi. Juni 2018 mahakama ya Nakuru ilimfunga miaka mitatu mtu aliyekiri kuchinja paka na kuuza nyama yao kwa wapika sambusa, kazi aliyosema ameifanya tangu 2012, paka zaidi ya elfu moja. Wiki ile nchi nzima ilitengeneza vichekesho. Mimi pia nilicheka, nisijifanye. Kisha mwaka 2024 kaunti ya Nairobi ikaleta mswada wa kudhibiti wanyama: mwenye paka alipe leseni ya shilingi 200 kwa mwaka, paka awe na chanjo ya kichaa, na asiwapigie majirani kelele. Watu walikasirika, wakasema serikali imemaliza kutoza binadamu. Kodi na panya kwenye Kavirondo ya 1923, kodi na paka kwenye Nairobi ya 2024. Ningekuwa na Arkidikoni karibu ningemtumia kiungo.

Paka niliye naye sasa ni Pusi wa Kukhu, wa mwisho. Kukhu alipofariki, boma lilijaa watu na mahema kwa wiki nzima, paka akapotea. Wageni walipoondoka alirudi, akakaa kando ya mafiga yaliyopoa, saa ile ile. Shangazi alisema mtu amchukue maana jirani bado anaweka sumu. Nilimtia kwenye katoni yenye matundu, nikapanda boda mpaka Luanda, na kutoka hapo basi la usiku. Kondakta alitoza shilingi mia mbili za katoni. Alilia mpaka Nakuru, kisha akanyamaza.

Ghorofa ya nne hakuna panya. Kuna mende, na aliwamaliza mwezi wa kwanza. Sasa anakaa dirishani nyuma ya vyuma, anatazama njiwa, anakula chakula cha dukani, amenenepa. Ni salama. Huwa namkumbuka yule mwanamke wa kwenye Hadithi, najiambia mimi namlisha, mimi si yeye, halafu nafunga mlango kwa makini ili asitoroke kwenye ngazi.

Juzi shangazi alipiga simu. Tuliongea habari za mvua, za karo, za jiwe la kaburi la Kukhu. Mwisho akasema mahindi yamevunwa, yako ghalani, na usiku hawalali kwa panya.

"Sasa huyo wa kwetu," akauliza, "utamrudisha lini?"