Rubani wa filamu aliyeipiga picha Kibo mwaka 1930

Kwa sisi tuliokulia Korogwe, mlima ni Usambara, basi. Kilimanjaro tuliuona kwenye kalenda, au ukibahatika kupata siti ya dirishani kwenye basi la Moshi, ukishapita Mwanga, mawingu yakiwa na huruma.

Na ndege je? Huku hazikuja kutuburudisha. Mwaka 1916 kikosi namba 26 cha ndege za Uingereza kilifuata jeshi la Smuts lililoteremka bonde la Pangani, likapita Korogwe na kuiteka Handeni mwezi Juni. Kazi ya rubani ilikuwa kuchungulia porini Wajerumani wamejificha wapi. Yaani ndege ilianza kama jicho la vita.

Vita vilipokwisha, marubani wengi walikosa kazi, na sinema ikawapa nyingine: kuhatarisha roho mbele ya kamera. Ormer Locklear, Mmarekani aliyezoea kutembea juu ya bawa ndege ikiwa hewani, alikufa Agosti 2, 1920 akirekodi filamu ya The Skywayman. Picha za ajali yenyewe zikaachwa ndani ya filamu. Watu wakalipa kiingilio kutazama.

Walter Mittelholzer wa Uswisi alishika njia nyingine. Alizaliwa St. Gallen mwaka 1894, akasomea upigaji picha, kisha akajifunza urubani jeshini. Hakuwa mtu wa kubinuka angani. Alichouza ni mahali ambapo kamera haijawahi kufika. Alirusha ndege Spitsbergen karibu na ncha ya kaskazini, akaenda Uajemi, na mwaka 1924 akaanzisha kampuni ya filamu, Praesens-Film, pamoja na Lazar Wechsler. Safari ikawa filamu, filamu ikalipia safari. Jamaa alijua biashara.

Desemba 1926 aliondoka Zürich kwenda Cape Town, akafika Februari 1927. Viwanja vya ndege njiani vilikuwa haba, kwa hiyo alitumia Dornier Merkur yenye maboya ya kutua majini. Ramani yake ikawa ya maji: Nile, Ziwa Victoria, Tanganyika, Nyasa. Filamu na kitabu vilivyotokana na safari hiyo vilituonyesha kwa macho ya mgeni, na watu wetu humo hawana majina. Hilo tusilifiche.

Lakini safari ya Januari 1930 ndiyo inayonivutia zaidi. Mittelholzer aliipeleka Fokker yake juu ya Kibo, mita 5,895. Fikiria kwanza fizikia yake. Huko juu msongamano wa hewa ni kidogo tu zaidi ya nusu ya ule wa Tanga mjini. Injini inakosa oksijeni ya kuchomea mafuta, kwa hiyo nguvu inapungua. Bawa nalo linapata hewa kidogo ya kulibeba. Rubani anapungukiwa oksijeni hiyohiyo, huku anatakiwa afikirie haraka. Na bado kuna kamera ya kushughulikia!

Sasa, ukisoma habari za Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliozunguka Afrika Mashariki mwaka 1933 na 1934 kwa ndege mbili za Sikorsky, moja yenye michirizi ya pundamilia na nyingine madoa ya twiga, mara nyingi utaambiwa ndio wa kwanza kuruka juu ya Kilimanjaro na kuupiga picha. Si kweli. Walichelewa kwa miaka mitatu au zaidi. Ila filamu yao, Baboona, ilitoka Marekani mwaka 1935 na matangazo mengi, na dai likapita hivyohivyo.

Kwa nini tubishane? Kwa sababu tarehe ya picha ni data. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Anayetaka kuona ukingo wa barafu ulikuwa wapi mwaka 1930 anahitaji picha ya 1930, hata kama aliyeipiga alikuwa akiwazia mauzo.

Mwaka 1937 uliwamaliza wote wawili. Martin Johnson alifariki Januari baada ya ndege ya abiria aliyopanda kuanguka California. Mittelholzer alikufa Mei akikwea mlima huko Austria, kwa miguu.

Picha zake ziko maktaba ya chuo cha ETH Zürich, na nyingi zimewekwa mtandaoni bure. Tafuta jina lake pamoja na neno Kibo. Mafaili ni makubwa. Mimi bando langu liliishia Handeni stendi, nikiwa bado kwenye picha ya tatu.