Kuutafuta Mji wa Simbamwene

Mgeni wangu mmoja, mzaliwa wa Kilwa na mwanafunzi wa historia, alikuja Mwembesongo kunizuru. Siku ya pili aliniomba nimpeleke kuyaona magofu ya upande wetu. Ombi lile lilinitahayarisha. Mtu aliyekua karibu na Husuni Kubwa, aliyezoea tangu utoto kuiona misikiti iliyojengwa kabla Mreno hajaijua njia ya Bahari ya Hindi, nitamwonyesha nini hapa Morogoro? Ipo njia ya reli, iliyofika mjini mwaka wa 1907. Ipo misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka wa 1882. Hivyo ni vitu vya heshima, walakini si magofu, na mgeni wangu hakuja kutazama garimoshi. Nikamwambia kuwa tulikuwa na ngome iliyopata kuwastaajabisha wapitao, ila hapana mtu awezaye kumwekea mkono ukutani na kusema, hii hapa. Akajibu kuwa hiyo ndiyo aitakayo.

Tukatoka asubuhi, jua lingali chini na mawingu yameifunika Bondwa, tukashika njia ya kuelekea mtoni.

Katikati ya karne ya 19 alitokea mtu aliyeitwa Kisabengo, Mzigua. Habari zake zasema kuwa hakuzaliwa katika nyumba ya cheo. Alikuwa na nguvu za mwili na ufasaha wa ulimi, na kwa sifa hizo mbili watumwa waliowatoroka mabwana zao walimkusanyikia, wakamfanya mkuu wao. Sultani wa Unguja alimtaka kwa makosa yake. Naye akakimbilia bara, akaingia nchi ya Wakami chini ya milima ya Uluguru, akawanyang'anya sehemu ya ardhi yao na kujenga mji. Ni vyema tusimpambe. Burton, aliyepita Ukutu mwaka wa 1857, amemtaja kwa uharibifu wa vijiji na kuteka watu wa kuuzwa. Basi mtu aliyepata ukubwa kwa kuwapokea watumwa watoro ndiye huyo huyo aliyewatia wengine utumwani. Mgeni wangu aliposikia hayo alisema kuwa Kilwa nayo, pamoja na uzuri wake wote, haikujengwa kwa dua peke yake.

Kisabengo alipofariki aliacha utawala mikononi mwa binti yake mkubwa, na jina la binti na jina la mji lilikuwa moja: Simbamwene. Simba kila mtu amjua. Mwene ni neno la enzi katika lugha nyingi za bara.

Aliyetuachia maelezo marefu ya mji huo ni Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyefika mwezi wa Aprili mwaka wa 1871 katika safari yake ya kumtafuta Livingstone. Anasema mji ulikuwa wa pembe nne, wenye eneo la nusu ya maili mraba, na kuta zake zilikuwa za mawe, zimetobolewa safu mbili za matundu ya kupitishia bunduki. Katika kila pembe palisimama mnara wa mawe. Malango yalikuwa manne, moja kwa kila upande wa dunia, na milango yake ilikuwa ya mbao ngumu zilizochongwa nakshi kwa namna ya Waarabu. Alikuwa amekwisha kusafiri Uajemi, akakiri kuwa, ukiitoa miji mikubwa, hakuuona huko mji uliozungushiwa ngome bora kuliko huu; na hata kuta za Teheran na Shiraz, asema, zilikuwa za udongo. Nyumba alizikadiria kuwa 1,000, na watu labda 5,000.

Hapa nilimsimamisha mwenzangu chini ya mwembe tupige hesabu. Nusu ya maili mraba ni eka 320. Nyumba 1,000 katika eka 320 ni nyumba tatu katika kila eka, na huo si msongamano anaouelezea. Ama mji ulikuwa mdogo kuliko alivyouona, ama ndani ya kuta mlikuwa na mashamba na mazizi. Mimi naelekea kusadiki la kwanza, kwani jicho la msafiri hupima kwa mshangao. Lakini matundu ya bunduki, minara na nakshi si mambo ya kukisia. Mambo hayo yanatuonyesha kuwa mafundi wa pwani, au watu waliojifunza kwao, walifanya kazi chini ya Uluguru. Na mwanafunzi afundishwaye kuwa pwani ilikuwa dunia moja na bara dunia nyingine ana haki ya kuuliza milango ile ilitoka wapi.

Stanley hakuagana na mji ule kwa wema. Simbamwene alimdai hongo, naye akakataa kwa hoja kuwa msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa. Kisha mpishi wake, aliyechapwa kwa wizi, alitoroka. Askari watatu waliotumwa kumtafuta walikamatwa na watu wa Simbamwene, wakafungwa na kunyang'anywa bunduki, hata Shekhe Thani, Mwarabu wa msafara mwingine, alipowaombea. Yafaa msomaji ayakumbuke haya afikapo katika kurasa za mwaka wa 1872. Mwaka huo Stanley alirudi, mvua zimekwisha kuiharibu nchi, akaona kuwa mto Ngerengere, ambao yeye aliuandika Ungerengeri, umeubomoa ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba zipatazo 50. Akaambiwa kuwa mtawala amekimbia. Akaandika kuwa ngome ya Kisabengo imekwisha.

Je, ilikwisha? Ukuta mmoja ulianguka. Mapadre walipokuja kujenga miaka kumi baadaye walimkuta Kingo, mzao wa nyumba ile ile, akitawala hapa, na kata moja ya mjini ina jina lake hata leo. Mji uliokwisha haupokei wageni wala hautoi kiwanja. Nadhani mafuriko yalichukua mawe, na kitabu kikachukua yaliyosalia. Kwani tangu hapo waandishi wengi hulitaja jina la Simbamwene kwa kufungua na kufunga ukurasa wa Stanley tu, na Wakami, wenye ardhi, hawakuulizwa.

Mgeni wangu alitaka kujua kwa nini kuta za kwao zimesimama karne nyingi na zetu hazikusimama. Nilimjibu kwa kadiri ya ujuzi wangu. Wao wana matumbawe ya bahari, ambayo hutoa jiwe na chokaa pia, na magofu yao yalipoachwa yaliachwa na watu wachache. Hapa mji haukuachwa. Watu waliendelea kujenga, na jiwe lililokwisha kuchongwa au kukusanywa halilali bure penye mjenzi. Huenda msingi wa nyumba fulani tuliyoipita asubuhi ile una kipande cha mnara ndani yake.

Tulipofika mtoni tulimkuta mzee akifua shuka. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba wanangu," kisha akatuuliza kama sisi ni watu wa kupima viwanja. Nilimweleza tunachokitafuta. Akakamua shuka yake, akafikiri kidogo, akasema kuwa jina la Simbamwene alilisikia kwa bibi yake, wala si kwa habari ya ukuta: bibi alikuwa akilitaja alipowagombeza wajukuu wa kike kuwa wanajifanya wakubwa. Mgeni wangu akatoa daftari lake, ambalo siku nzima hakuwa ameliandika neno, akamwomba mzee amwambie bibi alikuwa akisema maneno gani hasa.