Vitamini, moyo na virusi vya Ukimwi

Katika maduka ya Rye Lane, mtaani Peckham, kusini mwa London, vidonge vya vitamini huuzwa bila cheti cha daktari. Wapo wanaoishi na virusi vya Ukimwi, VVU, wanaovinunua kwa matumaini ya kuukinga moyo. Je, matumaini hayo yana msingi?

Kwa nini moyo?

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi kwa wenye VVU ni takriban mara mbili ya ile ya wasio navyo. Hata virusi vinapodhibitiwa, kinga ya mwili hubaki katika hali ya mapambano, na mishipa ya damu huathirika.

Ushahidi wa Dar es Salaam

Utafiti ulioanza mwaka 1995 miongoni mwa wajawazito 1,078 wenye VVU ulibaini kuwa vitamini B, C na E zilipunguza kasi ya ugonjwa. Wakati huo wengi hawakuwa na dawa za kurefusha maisha.

Utafiti wa pili mjini humo, uliochapishwa mwaka 2012, uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 3,400 walioanza dawa hizo. Vitamini za kiwango kikubwa hazikupunguza vifo kuliko za kiwango cha kawaida, na vipimo vya ini viliashiria madhara.

Kuhusu moyo wenyewe, jopo la wataalamu wa Marekani lilishauri mwaka 2022 kwamba vitamini E isitumiwe kama kinga kwa watu wazima kwa jumla.

Kinachosaidia

Mwaka 2023, utafiti wa watu 7,769 wenye VVU, wa umri wa miaka 40 hadi 75, katika nchi kadhaa ikiwamo Uganda, ulionyesha kuwa pitavastatini, dawa ya kupunguza lehemu, ilipunguza mashambulizi ya moyo, kiharusi na matukio kama hayo kwa asilimia 35. Kuacha sigara na kudhibiti shinikizo la damu pia ni muhimu.

Tahadhari

Vidonge vyenye madini ya chuma, kalsiamu, magnesi au zinki huzuia dolutegraviri, dawa ya VVU inayotumika sana Afrika Mashariki, isifyonzwe vyema mwilini. Dawa hiyo inywewe saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baadaye.

Mweleze daktari kila kidonge unachotumia. Huko England, tangu Oktoba 2012, matibabu ya VVU katika huduma ya afya ya umma hayalipiwi, hata kwa asiye na kibali cha ukaazi.