Utani wa hospitali na bili: tunacheka nini?

Mgonjwa alikwenda hospitali na homa, akarudi nyumbani na presha. Homa aliiacha kwa daktari, presha aliipata kwenye dirisha la malipo. Vichekesho vya namna hii husikika kwenye daladala za Dodoma, kwenye vijiwe vya kahawa na hata kwenye foleni ya kumwona daktari. Katika makala haya tunaeleza vimetoka wapi na vinabeba nini.

Mtani na kaburi

Kucheka mbele ya kifo si jambo geni kwetu. Katika jamii nyingi za Tanzania, Wagogo wakiwemo, mila inawapa watani ruhusa ya kutania msibani. Mtani anaweza kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wafiwa watoe chochote. Wafiwa waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka, wanatoa noti, mazishi yanaendelea. Siku hizi utamsikia mtani akijitetea: "Hospitali wamemzuia siku tatu hamkusema kitu, mimi dakika tano tu mnalalamika!"

Kichekesho hicho kinauma kwa sababu kimegusa ukweli. Ziko familia zilizowahi kuchangishana si kwa ajili ya jeneza, bali kwa ajili ya bili, ili zikabidhiwe mwili wa ndugu yao. Wizara ya Afya imetoa maelekezo zaidi ya mara moja kwamba hospitali zisizuie miili kwa sababu ya deni, bali zikubaliane na familia namna ya kulipa.

Bili ilianza lini?

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilikusudia huduma za afya zitolewe bure. Mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali binafsi za biashara, na mwaka 1991 ikaziruhusu tena. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Hapo ndipo dirisha la malipo lilipoanza kupata umaarufu katika vichekesho vyetu.

Bima nayo ilileta vyake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza na watumishi wa umma. Kwa wananchi wa vijijini ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao baada ya kuboreshwa ulikuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Kwa mkulima wa mtama wa Bahi au Chamwino, fedha hiyo inategemea mvua. Ndiyo maana wapo wanaosema, "Mwaka huu mvua imegoma, basi na sisi tusiugue."

Mwezi Novemba 2023 Bunge, likiwa jijini Dodoma, lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Daktari ana kosa gani?

Katika vichekesho vingi anayesemwa ni daktari: mwandiko wake hausomeki, dawa zake zote ni Panadol, na zilizobaki "kanunue nje". Lakini bei haipangwi na daktari, wala si yeye anayejaza stoo ya dawa. Katika mgomo wa madaktari wa mwaka 2012, mazingira ya kazi na vifaa vilikuwa miongoni mwa madai yao. Daktari asiye na dawa ya kumpa mgonjwa naye yumo ndani ya kichekesho, ila kwake hakichekeshi.

Kabla ya kucheka, jua hili

Sera ya afya inatoa msamaha wa malipo kwa wajawazito, watoto wenye umri chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mgonjwa mwingine asiye na uwezo anaweza kuomba msamaha kupitia ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ulizia ofisi yake mapema, bili ikiwa bado ndogo.

Mtani akishapewa noti yake hutoka kaburini, na pengine huchukua koleo akasaidia kuzika. Deni la hospitali halina desturi hiyo. Hubaki na familia matanga yakishakwisha, wakati hakuna tena wa kuwachekesha.