Hija ya Siku Sita katika Chimbuko la Imani Kandokando ya Ziwa Victoria

Utangulizi

Wakristo wengi ulimwenguni husafiri kwenda Ugiriki wakifuata nyayo za Mtume Paulo. Aghalabu huenda wakiwa kikundi kidogo, pamoja na kiongozi waliyemkodi kwa siku kadhaa. Huanzia Filipi, penye mto ambako Lidia alilipokea Neno akabatizwa pamoja na watu wa nyumba yake (Mdo 16:11-15). Huteremka Thesalonike na Beroya, wakapanda kilima cha Areopago huko Athene (Mdo 17:22-34), na kuhitimisha Korintho, mbele ya magofu ya baraza linalohusishwa na mashtaka ya Mtume kwa liwali Galio (Mdo 18:12-17). Kwa asiyefafanuliwa, hayo ni mawe tu. Kwa aliyefafanuliwa, ni ushahidi kwamba Injili ilipita mahali halisi, mikononi mwa watu halisi.

Sisi waamini wa kandokando ya Ziwa Victoria tunayo historia ya namna hiyo karibu na nyumbani. Wengi wetu tumeisikia kwa juujuu katika sherehe za jubilei, lakini ni wachache waliowahi kukanyaga mahali ilipotokea. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya safari hiyo kwa siku sita, yaliyomo katika kila kituo, na mambo ya kuzingatia katika kumchagua kiongozi wa msafara.

Hija si matembezi

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2691) inafundisha kwamba hija hutukumbusha safari yetu hapa duniani kuelekea mbinguni. Nayo Sheria ya Kanisa (kan. 1230) inaeleza kuwa mahali pa hija, kwa maana kamili, ni kanisa au mahali patakatifu ambapo waamini wengi huhiji kwa sababu maalumu ya ibada, kwa idhini ya Askofu mahalia. Tofauti hii ni muhimu. Vituo vingi vinavyotajwa hapa chini ni mahali pa kumbukumbu ya kihistoria, wala havina hadhi hiyo ya kisheria. Mwamini anavitembelea kwa sala na heshima, bila kuvidai miujiza wala rehema ambazo Kanisa halijazitangaza.

Kwa sababu hiyo, msafara uanze kwa baraka ya Paroko, na ikiwezekana kwa Sakramenti ya Kitubio. Misa Takatifu iwe nguzo ya kila siku, na ratiba nyingine zote ziifuate.

Siku ya kwanza: Igoma, Bujora na Kageye

Msafara huondoka Mwanza mjini, baada ya Misa katika Kanisa Kuu la Epifania, Bugando, na kushika barabara ya Musoma. Kituo cha kwanza ni makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa waliopoteza maisha katika ajali ya meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Siku hiyo walifariki watu zaidi ya 800. Familia nyingi za Mwanza na Kagera hazikupata mwili wa kuzika. Kuwaombea marehemu hao mwanzoni mwa safari ni tendo la huruma, na ni onyo pia kwa wanaotaka kusafiri majini.

Mbele kidogo, eneo la Kisesa, ipo Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada. Kanisa la hapo lilijengwa kwa kufuata alama za utemi wa Kisukuma. Hapo ndipo mahujaji wanapoweza kutafakari swali la utamadunisho: Injili inaingiaje katika ngoma, kiti cha enzi na lugha ya watu bila kupoteza ukweli wake? Sikukuu ya Bulabo, inayoambatana na Sherehe ya Ekaristi Takatifu, ni jibu mojawapo ambalo Wasukuma wamelitoa kwa miguu na sauti zao. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana huko hadi leo.

Jioni msafara hufika Kageye, ufukweni, katika Wilaya ya Magu. Kijiji hiki kilikuwa kituo cha misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipokelewa hapa na mtawala wa mahali, Kaduma, kabla ya kulizunguka ziwa kwa mashua. Mwenzake, Frederick Barker, alifia hapa mwaka huo huo. Mwishoni mwa Desemba 1878 walifika Wamisionari wa Afrika wa kwanza, wakiongozwa na Padre Léon Livinhac, baada ya kutembea kwa miezi kadhaa kutoka Bagamoyo. Mwezi Januari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kuelekea Buganda, wakafika Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari.

Siku ya pili: Bukumbi

Bukumbi, kusini mwa jiji, katika Wilaya ya Misungwi, inastahili siku nzima. Misioni hii ilianzishwa mwaka 1883 na wamisionari waliokuwa wameondoka Buganda mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Mwaka huo huo Kanisa liliunda Vikariati ya Kitume ya Victoria Nyanza, na Livinhac akawa Vika wake wa kwanza. Hapa walilelewa watoto waliokombolewa utumwani. Hapa pia, mwezi Mei 1890, Livinhac alimweka wakfu Askofu Jean-Joseph Hirth kuwa mrithi wake.

Lakini tukio la Bukumbi linalomgusa zaidi hujaji ni lingine. Kabaka Mwanga ndiye aliyeamuru kuuawa kwa Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka 1888 alipinduliwa, na wamisionari nao wakafukuzwa Buganda wakakimbilia Bukumbi. Naye Mwanga, akiwa mkimbizi asiye na kiti wala jeshi, alifika kwao kutafuta hifadhi, wakampokea. Watu walewale waliowabatiza na kuwafundisha wale vijana walimfungulia mlango aliyewaua. Kikundi kisiharakishe hapa. Ni mahali pa ukimya, na pengine pa kuamua kumsamehe mtu fulani kabla ya kurudi nyumbani.

Siku ya tatu na ya nne: Ukerewe

Safari ya majini kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua takriban saa 3. Wanaopendelea nchi kavu hupita Bunda na kuvuka kwa kivuko cha Kisorya. Parokia kongwe ya Kagunguli ndiyo kitovu cha imani kisiwani. Ukerewe sasa ni sehemu ya Jimbo la Bunda, hivyo mawasiliano na Paroko wa huko yafanyike mapema.

Kagunguli ilimlea Aniceti Kitereza, aliyeendelea na masomo katika seminari ya Rubya, ambako alijifunza Kilatini na Kigiriki. Alirudi kisiwani akaishi maisha ya katekista na mwandishi. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, hadithi ya ndoa inayovumilia utasa na maneno ya ndugu. Tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ilichapwa miaka 35 hivi baadaye, naye akafariki mwaka 1981.

Wenye nafasi waendelee hadi Bwisya, kisiwani Ukara, penye makaburi ya waliofariki katika kivuko cha MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko hicho kilipinduka kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, karibu kabisa na gati.

Siku ya tano na ya sita: Rubya, Kashozi na Bukoba

Kutoka Mwanza msafara huvuka Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na kupita Sengerema, Geita na Chato hadi Muleba. Seminari ya Rubya ndiyo shabaha ya siku ya tano. Tarehe 15 Agosti 1917 walipewa hapa Daraja Takatifu ya Upadre Waafrika wanne wa kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania: Celestine Kipanda na Angelo Mwirabure wa Ukerewe, Oscar Kyakaraba na Wilbard Mupapi wa Buhaya. Miaka isiyofika 40 ilikuwa imepita tangu wamisionari washuke Kageye.

Siku ya sita ni ya Kashozi, misioni ya mwaka 1892 na mama wa parokia za Bukoba, kisha Kanisa Kuu la Mama wa Huruma, Bukoba mjini, linalohifadhi kaburi la Laurean Kardinali Rugambwa. Papa Yohane XXIII alimfanya Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kupewa hadhi hiyo katika nyakati zetu. Wanaotaka kuendelea Namugongo kupitia Mutukula wawe na hati halali za kusafiria.

Kumchagua kiongozi wa msafara

Kikundi cha watu sita hadi kumi na wawili kinatosha: gari moja, na kila mtu anasikia. Yafuatayo yazingatiwe.

Kwanza, leseni. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inawataka wanaoendesha shughuli za utalii na waongoza watalii wawe na leseni. Omba kuiona kabla ya kulipa malipo ya awali, na makubaliano yaandikwe: siku, gari, malazi, chakula, nauli za majini, na nani anabeba gharama chombo kikiahirishwa.

Pili, ujuzi wa historia ya Kanisa. Kiongozi wa kawaida anajua njia, lakini huenda hajui kilichotokea Bukumbi. Mkimpata mwenye gari asiye na ujuzi huo, ombeni parokia ya kila kituo iwape katekista au mzee wa mahali. Penye wazee haliharibiki neno. Kiongozi mwema hutofautisha lililoandikwa na linalosimuliwa, na huwataja pia wapagazi, wapiga makasia na wakalimani, ambao bila wao hakuna mmisionari ambaye angefika.

Tatu, usalama majini. Chombo kikijaa kupita kiasi, msipande, hata kama tiketi imekwisha kulipwa. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha katika mtumbwi au boti. Igoma na Bwisya zimekwisha kutufundisha.

Nne, haki kwa wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuleni kwa akina mama wa parokia, laleni katika nyumba za watawa zinazopokea wageni, na mwacheni sadaka.

Nani atakwenda?

Safari binafsi ya siku sita ni ghali kwa familia nyingi. Ikiachwa kwa wenye uwezo tu, kumbukumbu ya Kanisa itakuwa mali ya wachache. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zaweza kuchanga kidogo kidogo kwa mwaka mzima na kumtuma katekista mmoja, mwalimu wa dini au kijana wa Kipaimara, kwa sharti kwamba akirudi atasimulia. Wasioweza siku sita waanze na Bukumbi: ni safari ya siku moja kutoka mjini.

Waraka kwa Waebrania unatuasa tuwakumbuke waliotuongoza na kututangazia Neno la Mungu, tukiangalia mwisho wa mwenendo wao na kuiiga imani yao (Ebr 13:7). Wazee waliosimuliwa habari hizi na mashuhuda wanazidi kupungua kila mwaka. Basi twende tungali tunaweza kuwauliza, tusali makaburini pa waliotutangulia, na turudi tukiwa na la kuwaambia watoto wetu.

Tumsifu Yesu Kristo.